Msichana Wangu wa Kutembea

Nina sauti. Sisemi kwa kujisifu, nasema vile mtu husema ana presha. Nikisimama nyuma ya nyumba yetu, hapa nje kidogo ya Njoro, nikaita ng'ombe wangu, wanakuja pamoja na wa jirani. Kwaya ya kanisa ilinirudisha mstari wa nyuma, kisha ikanirudisha jikoni, ati kina mama wa chai wanahitaji mtu mwenye bidii. Baba ya mtoto wangu akipokea simu yangu huishika mbali na sikio. Anadhani sijaambiwa.

Kwa sauti hiyo nimelea msichana mmoja, na ukichuja yote niliyomwambia tangu ajue kusimama, yanabaki mambo mawili.

La kwanza ni hili: wacha kutembea. Kwetu kutembea si kazi ya miguu peke yake. Msichana wa kutembea ni yule haonekani nyumbani kwao, leo ako kwa huyu, kesho ako kwa yule, na kina mama wakimtaja wanashusha sauti na kuangalia nyuma. Mimi niliapa wangu hatatajwa hivyo. Akichelewa kidogo kutoka shule, niko kwa geti, mikono kiunoni. "Ulikuwa unatembea wapi?" Akienda kwa rafiki yake kuchukua kitabu, namfuata kwa sauti mpaka kona: "Wewe na kutembea! Kaa nyumbani!" Jirani mmoja alinieleza kwamba kasuku wake amejua maneno hayo. Sikuamini, lakini pia sikwenda kusikiliza.

La pili lilihusu maziwa. Kila asubuhi kabla ya shule alikuwa abebe mtungi mpaka barabarani, pale gari ya maziwa hupita, na dereva wa gari hiyo hangoji hata mchungaji. Sasa, mtungi wetu kifuniko chake kililegea zamani. Kwa hivyo nilikuwa nasimama mlangoni namsukuma kwa mdomo: "Harakisha! Gari inakuja! Na usikimbie, utamwaga maziwa!" Siku moja, akiwa bado mdogo, aligeuka akaniuliza kwa heshima kabisa afanye gani kati ya hayo mawili. Nilimwambia asinijibu.

Basi jioni moja, akiwa kidato cha pili, nilikuwa namenya viazi. Akasimama mlangoni, kamba ya begi ameizungusha kidoleni.

"Mum, nimechaguliwa kutembea."

Kisu kikasimama. "Kutembea wapi?"

"Kwanza hapa Njoro. Nikipita naenda Nakuru. Nikipita tena naenda mbali zaidi."

"Na nani?"

"Na wasichana wengine. Na mwalimu."

"Mwalimu gani huyo?"

"Wa michezo. Mum, ni riadha. Kuna mashindano ya kutembea."

Niliweka kiazi chini. Nilimwambia kama kuna mashindano ya kutembea, kuna wasichana hapa karibu wangekuwa wamejaza vikombe hadi kwa dari. Hakucheka. Akanieleza polepole, vile mtu humweleza nyanya yake simu mpya. Ni matembezi ya kasi. Mguu mmoja lazima uguse chini wakati wote, na goti la mguu wa mbele linyooke. Ukiruka hata kidogo, hapo umekimbia, na ukikimbia unatolewa.

"Unatolewa kwa kukimbia?"

"Eeh."

"Kwa riadha?"

"Eeh, Mum."

"Hapa kwetu?"

Mnielewe. Hapa kwetu mtoto akikimbia vizuri, mchungaji anamtaja kabla ya sadaka. Ukoo wa baba yake wote wamekimbia. Baba yake mwenyewe alikimbia shuleni, na mpaka leo akitoka kwa duka na unga anaangalia saa akifika. Msichana wangu ndiye alivunja mstari. Katika mbio za shule ya msingi wenzake walikuwa washamaliza soda na yeye bado anakuja, uso umelowa jasho, akitabasamu ili tusimwonee huruma. Hajawahi kuchaguliwa kwa chochote. Siku hiyo aliposema "nimechaguliwa," sauti ilimtetemeka, na mimi, mama mzazi, katika sentensi nzima nikasikia neno moja tu, kutembea.

Aibu yangu haikuishia hapo. Jumapili, nje ya kanisa, mwenyekiti wa kina mama akanishika mkono. Huyu ni mama mkubwa, mcheshi, ambaye akianza kukupenda huwezi kumzuia. "Nasikia msichana wetu ameingia riadha! Anakimbia nini?"

"Mita elfu tano," nikasema.

Si uongo. Ni mita elfu tano kweli. Niliacha tu neno la mbele, lile lenye shida. Kina mama wakanipigia makofi hapo hapo, mmoja akapiga kigelegele, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Kama hujawahi kuwa mzazi wa riadha, ngoja nikueleze. Hakuna mtu anakungoja. Mwalimu anasema tutaanza asubuhi, na asubuhi hiyo ukifika unakuta mtu na ndoo ya chokaa ndiyo anaanza kuchora mistari. Watoto wamebandikwa namba kwa pini kifuani. Kipaza sauti kinaita majina ya watoto ambao hawapo, na waliopo hawaitwi. Wazazi wanajipanga kando ya kamba na leso za kukalia na chupa za chai, na kila mmoja anamwangalia mtoto wa mwenzake miguuni kama anayenunua ng'ombe. Matembezi huwekwa mapema kabisa, watu hawajafika, ili yaondoke njiani kabla ya mbio zenyewe. Hilo lilinifaa sana. Katika mashindano ya kwanza, pale Njoro, nilienda peke yangu na sikumwambia mtu.

Bunduki ikalia. Wakatoka. Mungu anisamehe, nilitazama kando. Nyonga zao zilikuwa zikienda huku na kule, mikono imekunjwa, shingo zimesimama, na wote wamenuna. Lakini niliporudisha macho nikaona kitu: msichana wangu alikuwa mbele. Yule wa mwisho wa siku zote! Moyo ukaniruka. Nikasahau viazi, nikasahau mafundisho yote ya jioni ile, nikafungua mdomo.

"Kimbia! Kimbia, mami! Kimbiaaa!"

Ni kitu gani kingine mtu hupiga kelele hapa kwetu? Ndilo neno tunalo. Mtoto akasikia sauti ya mamake, na kama kawaida akatii. Aliruka hatua mbili au tatu, mwamuzi mmoja akamwandikia kadi nyekundu. Kadi hizo zikifika tatu unatolewa, na hata nafasi uliyokuwa nayo haihesabiwi.

Sikuelewa lolote. Nilichoona ni kwamba mbele kidogo, kwenye kona, mzee mmoja wa miwani na kofia amepinda mgongo akiangalia chini, karibu pua iguse vumbi. Nikasema maskini, mzee wa watu amepoteza kitu na hakuna mtu anamsaidia. Nikapita chini ya kamba.

"Mzee, umeangusha kitu?"

Hakuinua kichwa. "Mama, toka kwa njia."

"Ni ufunguo?" Mimi nishainama, napapasa nyasi.

"Mama, mimi ni mwamuzi! Naangalia magoti!"

"Magoti ya nani?"

Wasichana wakapita hapo, wote, na wa kwanza alikuwa wangu, na aliniona nikiwa nimepiga magoti ndani ya njia yake. Alinizunguka. Hakupoteza hatua. Lakini macho yale nayakumbuka hadi leo.

Alipita hata hivyo, akashika nafasi ya pili. Tuliporudi nyumbani alianza kuosha sahani. Kisha akasema, "Mum, kama utakuja Nakuru, usiseme kitu. Hata moja. Na usisaidie mtu."

"Mimi nilikuwa tu nakushangilia."

"Mum, hii ndiyo kitu pekee naweza." Aliweka sahani chini. "Wale wengine wakitolewa hapa wako na mita mia mbili, wako na kuruka juu. Mimi sina ingine. Tafadhali."

Niliahidi. Nilimwapia.

Sasa hapo ndipo kiburi changu kikaja kudai chake. Nakuru ndiko timu ya kaunti huchaguliwa, na wawili wa kwanza wa kila shindano wanaendelea mbele. Asubuhi hiyo niliingia uwanjani nikiwa nimetulia, nimebeba chapati za kutosha, nikakaa. Nikasikia kigelegele nyuma yangu. Nikageuka. Kina mama wa kanisa, kundi zima, leso za sare, mwavuli, sufuria ya ndengu, na mwenyekiti mbele amefungua mikono.

"Ulidhani tutamwachia mtoto wetu akimbie peke yake?"

Woi. Nilitamani ardhi inimeze na chapati zangu.

Walijipanga kando ya uzio, nami katikati. Wasichana wakatoka. Kwa muda kina mama walikaa wakinywa chai, wanawatazama tu.

"Hao wanapasha miguu," mwenyekiti akasema. "Mbio ni saa ngapi?"

Nikaingiza chapati mdomoni. "Mmh."

Raundi ya pili akaweka kikombe chini. "Na mbona wanaenda hivyo? Ni kama watu wanaharakisha kwenda choo na hawataki ijulikane."

Nikaongeza chapati. Mpango wangu ulikuwa huo, kwamba mdomo uliojaa hauvunji ahadi. Lakini mwenyekiti si mtu wa kuachia jambo. Akanishika bega.

"Ndiyo hii?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hii ndiyo mita elfu tano?"

Nikaitikia tena. Akawaangalia wenzake, wakaangaliana, na nikaona kwenye nyuso zao kitu ambacho kimeniuma mpaka leo: waliamua kwamba msichana wangu ni dhaifu, na wakaamua kumpenda hivyo hivyo. Wakasimama wote. Wakaanza.

"Kimbia, mtoto wetu! Kimbia! Usichoke! Kimbiaaa!"

Vigelegele. Leso hewani. Ningewanyamazisha kwa neno moja, lakini neno lenyewe nililijua. Ningelazimika kusema kwa mdomo wangu, mbele ya kina mama wa kanisa, kwamba msichana wangu ni wa kutembea. Kwa hivyo nilitafuna.

Kila walipopiga kelele, nilimwona akijitahidi asisikie. Alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mbali, wa tatu alikuwa msichana mmoja mrefu aliyemfuata kwa karibu. Kwenye ubao wa matokeo, mbele ya namba yake, kadi nyekundu moja ikatokea. Baadaye ya pili. Nilianza kuhisi chapati haishuki.

Kengele ya raundi ya mwisho ikalia. Yule mrefu akaja, akawa begani mwake. Kina mama wakapandwa na wazimu. "Anakuja! Anakuja! Kimbia sasa!" Na nikaona visigino vyake vikianza kuruka. Kidogo, kidogo tu, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Na pale mbele kwenye kona, nani? Ule mgongo niliujua. Mzee wa miwani alikuwa ameinama, na mkono wake ukaenda mfukoni.

Niliogopa sijawahi kuogopa hivyo. Niliona mtoto wangu akitolewa mita chache kabla ya mwisho, kwa kitu pekee anachoweza, kwa kelele za watu niliowadanganya mimi. Nikashika uzio. Nikafungua mdomo kumwambia tembea.

Neno halikutoka. Nawaapia. Miaka yote hiyo nilikuwa nalo la kumkataza tu, sasa kumtuma nalo halikujua njia. Kilichotoka ni kile kingine, chenyewe, kutoka tumboni, pamoja na chapati.

"WEWE! MAZIWA! UTAMWAGA MAZIWA!"

Kijana wa kurusha tufe alibaki na tufe lake shingoni. Hata kipaza sauti kilikatiza sentensi.

Lakini miguu yake ilisikia. Visigino vikashuka hapo hapo, vikalala chini. Mabega yakatulia. Mkono wa kulia ukaacha kurukaruka, ukaenda karibu na paja, vile huenda ukiwa umebeba mtungi. Akaingia ile kona akiwa haraka na hamwagi hata tone. Mzee alimfuata kwa macho, goti, kisigino, goti, kisigino, kisha akanyoosha mgongo. Mkono wake ulitoka mfukoni mtupu.

Yule mrefu akampita mbele ya mstari. Nusu hatua. Msichana wangu akamaliza wa tatu.

Wawili ndio wanaenda. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi nikalia, si machozi ya adabu, yale ya kufuta pua kwa mkono. Nilikuwa nimemharibia kwa kimbia, sasa nimemharibia kwa maziwa.

Mwenyekiti akainama. "Maziwa gani?"

Nikasema yote. "Huyu si wa kukimbia. Ni wa kutembea. Ndiyo mashindano yake. Akikimbia anatolewa."

Akafikiri. "Na sisi tumekuwa tukimwambia akimbie."

"Eeh."

"Tangu mwanzo."

"Eeh."

"Na wewe ulikuwa unakula chapati."

Aliketi kando yangu, mzito, akaninyooshea ncha ya leso yake nipanguse uso.

Msichana wangu alikuja akichechemea, nywele zimemlowa, akajitupa kwenye leso na kunyoosha miguu. Misuli ilikuwa imemkaza. Nikaanza kumsugua magoti ili nisilazimike kumtazama usoni.

"Pole, mami. Nimekupotezea nafasi."

"Ningetolewa, Mum." Alikuwa bado anahema. "Nilikuwa nimeanza kuruka, nikajisikia, na singeweza kujizuia. Halafu nikasikia mkono umekuwa mzito."

"Mkono?"

"Kama ule mtungi." Akacheka kidogo. "Mwalimu aliniuliza mara ya kwanza ni nani amenifundisha kutembea hivi. Nilimwambia ni gari ya maziwa na mamangu. Nilidhani unajua."

Sikujua. Nilimwangalia yule mtoto niliyemtuma haraka na kumkataza kukimbia kila asubuhi ya maisha yake, na aliyekuwa amepata jibu la swali lake bila mimi. Niliendelea kusugua.

Kivuli kikatufunika. Mzee wa miwani. Alinitazama vile nimeinama, pua karibu iguse miguu ya mtoto.

"Mama, umeangusha kitu?"

"La, mzee. Naangalia magoti."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akamwambia msichana wangu kwamba kadi ilikuwa tayari kwenye vidole, na kwamba mwaka ujao aje na magoti hayo hayo. Kisha akanigeukia, akaniomba kwa upole nisije na kina mama wengi. Kando ya uzio yule mrefu aliyempita alikuwa akitoka na wenzake, akampungia mkono. "Maziwa! Tuonane mwaka ujao!" Jina hilo limemshika. Shuleni sasa hata mwalimu wa hesabu analitumia.

Mtungi tulishanunua mpya, wenye kifuniko kinachofunga. Aliukataa. Anabeba ule wa zamani mpaka barabarani, anauacha kwa gari ya maziwa, kisha anaendelea na barabara ya vumbi katikati ya ngano mpaka nisimwone tena.

Juzi mwenyekiti alipita hapa asubuhi kuchukua sufuria yake. Akauliza, akiangalia huku na huku, "Na msichana wetu, haonekani nyumbani? Yuko wapi saa hii?"

Nilikuwa kwa geti, mikono kiunoni. Jirani alikuwa nje, mke wake alikuwa nje, na kasuku sijui.

"Ametoka kutembea!" nikasema, kwa ile sauti ya ng'ombe.